Miaka 150 ya Karakana ya Lars Magnus

Tarehe 1 Aprili 1876 mafundi wawili wa telegrafu, Lars Magnus Ericsson na Carl Johan Andersson, walianza kazi ya kujitegemea katika jiko la kukodi, nyumba namba 15, mtaa wa Drottninggatan mjini Stockholm. Mtaji wao ulikuwa mkopo wa krona 1,000 kutoka kwa mama mmoja, Maria Strömberg. Walikuwa na mashine moja ya maana, ya kukerezea chuma, iliyoendeshwa kwa kukanyagwa na mguu. Msaidizi wao alikuwa mtoto wa miaka 12. Hawakuwa na nia ya kuunda simu. Alexander Graham Bell alikuwa amepewa hataza yake Marekani tarehe 7 Machi, majuma matatu na siku chache tu kabla, na Sweden walikuwa bado hawajakiona chombo chenyewe. Kazi ya wawili hawa ilikuwa kukarabati mitambo ya telegrafu.

Mwaka 2026 karakana hiyo inatimiza miaka 150. Leo inaitwa Ericsson, ina wafanyakazi katika nchi nyingi duniani, na mitambo yake imo ndani ya minara ya simu ambayo sisi huku tunaiita busta.

Kuisimulia historia hii kutoka Ntimaru, kaunti ya Migori nchini Kenya, kunahitaji maelezo kidogo. Kuria Mashariki hapajawahi kuwa na kiwanda cha simu, na hata simu ya waya yenyewe haikutufikia kwa wingi. Ilikuwa chombo cha ofisi ya serikali, cha posta, cha kituo cha polisi. Shirika la posta na simu, KPTC, lilipovunjwa mwaka 1999, Kenya nzima ilikuwa na laini za waya takriban 300,000, ilhali sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu milioni 28.7. Ukigawanya unapata laini moja kwa karibu kila watu mia, na ukizitoa Nairobi na Mombasa, fungu la mkulima wa tumbaku wa Ntimaru linakaribia sifuri. Mwaka uliofuata KenCell na Safaricom wakaingia sokoni kwa kishindo, na sisi tukapata simu mfukoni kabla hatujaipata mezani.

Ndiyo maana kwa kijana wa soko letu simu kongwe kabisa duniani ni mulika mwizi, ile simu ndogo ya mkononi yenye tochi. Miaka zaidi ya 120 ya shaba, mbao, chuma na bakelaiti iliyotangulia tochi hiyo haimo katika kumbukumbu yake, kwa sababu haikupita nyumbani kwao. Lakini sehemu moja ya historia hiyo ataielewa upesi kuliko msomi yeyote wa mjini: kampuni hii haikuanzishwa na mvumbuzi. Ilianzishwa na fundi wa kurekebisha vitu vya watu wengine.

Lars Magnus alizaliwa tarehe 5 Mei 1846 katika kijiji cha Vegerbol, jimbo la Värmland, magharibi mwa Sweden. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Akaingia vibarua: machimboni, kwa wahunzi, kwenye ujenzi wa reli. Mwaka 1867 akafika Stockholm na kuajiriwa na Öller & Co., karakana iliyotengeneza na kukarabati vyombo vya telegrafu. Alikuwa na mkono mwepesi na hamu ya kusoma, hadi serikali ikampa ufadhili wa kwenda kujifunza nje. Akafanya kazi Ujerumani na Uswisi, ikiwemo kwa Siemens & Halske mjini Berlin, kampuni iliyokuwa mbele kabisa katika ufundi wa umeme wakati ule. Aliporudi hakutaka tena kuwa kibarua wa mtu.

Simu ya Bell ilionyeshwa Stockholm mwaka 1877. Mwaka uliofuata mfanyabiashara Numa Peterson, aliyekuwa akiagiza simu kutoka nje, alimletea Ericsson vyombo kadhaa vya Bell avirekebishe. Ericsson akavifungua. Akanunua na simu za Siemens, akazifungua nazo pia. Akaona jinsi sumaku ilivyokaa, jinsi bamba jembamba la chuma linavyotikiswa na sauti, wapi waya unakatika, wapi sauti inapotea. Kabla mwaka 1878 haujaisha alikuwa akiuza simu zake mwenyewe.

Alisalimika mahakamani kwa sababu moja: Bell hakuwa amesajili hataza yake katika nchi za Skandinavia. Wapo watakaosema huo ulikuwa wizi uliopata mlango wazi. Mimi sikubaliani nao. Sheria ilimruhusu, na alichokiongeza kilikuwa chake: maikrofoni yenye skrubu ya kurekebisha, iliyotoka karakanani mwake mwaka 1880, na zaidi ya hapo ule umakini wa fundi aliyewahi kukutana na kila namna chombo kinavyoweza kuharibika. Mtu aliyekarabati mia hutengeneza kimoja kilicho bora.

Kuna jina ambalo hadithi za kampuni hulitaja harakaharaka na kupita. Mwaka 1878 Lars Magnus alimuoa Hilda Simonsson. Hilda alizisuka koili za simu za mwanzo kwa mikono yake nyumbani, waya mwembamba wa shaba uliovishwa hariri, mzunguko juu ya mzunguko. Mume alipokuwa safarini yeye ndiye aliyeangalia kazi. Bila koili hakuna sauti, kwa hiyo mtu akisema simu za kwanza za Ericsson zilitengenezwa na Lars Magnus, amesema nusu.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuja mwaka 1881 katika mji wa Gävle, kaskazini mwa Stockholm. Kampuni ya Bell ilikuwa tayari imefungua kituo cha kuunganishia simu Stockholm mwaka 1880 na ilitaka Gävle pia. Wateja wa mji ule wakataka vyombo vya pande zote mbili vijaribiwe na wataalamu. Uamuzi ulikwenda kwa Ericsson: simu zake zilikuwa rahisi zaidi kutumia, imara zaidi, na za kupendeza zaidi machoni. Kipindi hichohicho akashinda pia Bergen, nchini Norway. Karakana ya watu wachache ikawa imeangusha jina kubwa kuliko yote katika biashara ile, na kampuni ya Bell iliendelea kuwatoza watu wa Stockholm ada ambayo ni matajiri tu waliiweza.

Ada hiyo ndiyo iliyomkera Henrik Tore Cedergren. Mwaka 1883 alianzisha kampuni yake ya simu, Stockholms Allmänna Telefon, kwa lengo la kushusha bei mpaka kila nyumba iweze kuwa na simu, na vyombo akavinunua kwa Ericsson. Katikati ya miaka ya 1880 Stockholm ilikuwa na simu nyingi kwa idadi ya watu wake kuliko mji mkuu wowote Ulaya. Nyaya zilipita juu ya mapaa. Mnara wa chuma wa kuzipokea, uliokamilika mwaka 1887, ulibeba zaidi ya nyaya 5,000 zilizotanda angani mithili ya utando wa buibui. Ulikuja kuungua mwaka 1952 na kubomolewa mwaka uliofuata.

Ajabu ni kwamba Lars Magnus mwenyewe hakuwa na imani na ndoto ya Cedergren. Yeye aliiona simu kama kitu cha kuchezea cha watu wenye nafasi. Fundi alikosea, mfanyabiashara akapatia.

Tuje kwenye vyombo vyenyewe, kwa sababu hivi ndivyo wakusanyaji wa vitu vya kale wanavyovitafuta hadi leo, kutoka Stockholm hadi Sydney.

Simu za mwanzo kabisa za Ericsson zilikuwa na tarumbeta ndogo. Ukitaka kumwita mtu wa upande wa pili ulipuliza, na mlio ukasafiri kwenye waya. Baadaye ikaja kengele na jenereta ya mkono: unazungusha hendeli, sumaku na koili zinazalisha umeme, na kengele ya mwenzako au kibao cha opereta kinaitika. Nguvu ya kusemea ilitoka kwenye betri iliyokaa humohumo nyumbani. Simu za ukutani za miaka ile zilikuwa masanduku ya mbao yaliyonakshiwa kama samani za sebuleni, yenye kengele mbili juu na kijimeza cha kuandikia chini.

Hadi hapo msemaji alilazimika kuinama mbele ya maikrofoni iliyogandishwa kwenye sanduku, huku mkono mmoja umeshikilia kisikilizio sikioni. Mwaka 1884 Anton Avén, mhandisi katika kampuni ya Cedergren, alifunga vyote viwili kwenye mpini mmoja ili opereta wabakiwe na mkono huru. Ericsson wakaichukua rai hiyo na kuiingiza kwenye simu za wateja. Kile kitendo cha kushika kitu kimoja chenye pa kusikia na pa kusemea, ambacho hata mtoto anayeigiza simu kwa gunzi la hindi anakifanya, kilienea duniani kupitia vyombo vya karakana hii.

Kisha, mwaka 1892, ikatoka simu ambayo nathubutu kusema ndiyo nzuri kuliko zote zilizowahi kuwekwa mezani. Haina sanduku. Miguu minne ya chuma cheusi iliyopindwa inasimama wazi, na katikati yake unaiona jenereta yote, bila kifuniko. Juu kuna pembe mbili za kupokelea mkono wa simu, pembeni hendeli, na kila sehemu nyeusi imepambwa kwa michoro ya rangi ya dhahabu. Uzuri wake umetokana na akili: miguu hiyo ndiyo sumaku za jenereta. Kinachoisimamisha simu ndicho kinachozalisha umeme wake. Waswidi waliipa jina la mbwa wa miguu mifupi, Taxen. Waingereza wakaiita Eiffel Tower, kwani mnara wa Paris ulikuwa umefunguliwa miaka mitatu tu kabla. Ilitengenezwa kwa zaidi ya miongo mitatu, ikauzwa kila bara, na viwanda vingine vya Ulaya vikaiiga.

Mwishoni mwa karne ya 19 sehemu kubwa ya mali ya Ericsson ilikuwa ikiuzwa nje ya Sweden. Kiwanda kikajengwa St. Petersburg, na baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 kikachukuliwa na serikali ya Urusi bila fidia. Kingine kikafunguliwa Buffalo, Marekani. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kiwanda cha maana ni kile cha Beeston, karibu na Nottingham, Uingereza, kilichoanza mwaka 1903. Beeston ilikuwa mojawapo ya viwanda vilivyoipa Posta ya Uingereza vyombo vyake, na Posta ya Uingereza ndiyo iliyokuwa kigezo cha simu katika makoloni. Simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya mamlaka moja ya posta mwaka 1933, na vyombo vya aina ya Kiingereza ndivyo vilivyokaa juu ya meza za madisii na mameneja wa benki.

Chombo hasa kilichokaa pale kina asili ya ajabu kidogo. Karibu na mwaka 1930 mhandisi Johan Christian Bjerknes wa Oslo, katika kampuni ya Norway iliyokuwa mali ya Ericsson, alitaka simu ya bakelaiti, plastiki ngumu nyeusi iliyokuwa mpya wakati huo. Akamwita msanii, Jean Heiberg, mchoraji na mchongaji, aipe umbo. Heiberg akaitoa simu yenye mabega yaliyoteremka, mgongo wenye mahali pawili pa kupokelea mkono wa simu, na kisahani cha namba usoni. Mwaka 1937 Posta ya Uingereza ikatoa simu yake maarufu namba 332 kwa kufuata umbo hilo. Ukimfumba macho mzee aliyewahi kuwa karani enzi za East African Posts and Telecommunications na kumwambia awaze simu, ndiyo hiyo atakayoiona: nyeusi, nzito, yenye waya uliofumwa kwa nyuzi. Ni kazi ya msanii wa Norway, chini ya kampuni ya Sweden, iliyotufikia kupitia Uingereza.

Simu ya tatu ambayo wakusanyaji huigombania ni Ericofon, iliyotoka katikati ya miaka ya 1950. Imesimama wima kama nyoka aliyeinua kichwa, na Waswidi wanaiita Cobra. Haina mkono tofauti na kitako. Yote ni kitu kimoja chepesi cha plastiki ya rangi, na kisahani cha namba kipo chini ya tumbo: ukiiinua laini inafunguka, ukiiweka inakatika. Jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, limeiweka katika hazina yake. Binafsi naiona imezidi mapambo, lakini vijana wa Ulaya na Marekani waliipenda, na bei zake leo zinaonyesha bado wanaipenda.

Lars Magnus hakuiona hata simu ya bakelaiti. Alijiuzulu uongozi mwaka 1901, akauza hisa zake, akawa mkulima katika shamba lake la Alby nje ya Stockholm. Alifariki tarehe 17 Desemba 1926. Kwa agizo lake mwenyewe kaburi lake halina jiwe lenye jina.

Miaka mitano na miezi michache baadaye kampuni ilikaribia kumfuata. Tajiri wa viberiti, Ivar Kreuger, alikuwa ameidhibiti na kuifanya rehani ya madeni yake. Alipokutwa amekufa kwa risasi mjini Paris tarehe 12 Machi 1932, ikaonekana kwamba vitabu vyake vya hesabu vilikuwa vimejaa uongo, na Ericsson ikaokolewa na mabenki ya nyumbani, hasa familia ya Wallenberg. Iliyobaki ya karne ya 20 ilikuwa hadithi ya mitambo mikubwa zaidi kuliko ya vyombo vya mezani. Mwaka 1976, wa kutimiza miaka 100, ulizinduliwa mtambo wa AXE wa kuunganishia simu kwa kompyuta. Miaka ya 1990 wahandisi wake wa Lund wakaanzisha Bluetooth. Simu za mkononi walizitengeneza pia, lakini mwaka 2001 biashara hiyo ilikuwa imeyumba, wakaungana na Sony, na mwaka 2012 wakamwachia Sony yote. Kampuni iliyouza simu tangu 1878 ikaacha kuuza simu. Imebaki na mitambo ya minara.

Na hapo ndipo inapokutana na kaunti yetu. Migori ina pande mbili, sisi wa vilimani mpakani na Tanzania, na wenzetu wa ziwani kuanzia Muhuru hadi Karungu, wanaopakana na kaunti jirani ya Homa Bay na visiwa vyake. Mvuvi aliyekumbwa na dhoruba usiku hakuwa na wa kumwita, kwa sababu minara ilielekezwa nchi kavu waliko wateja. Katika siku ambazo kampuni ya simu ya Celtel ilikuwa ikigeuka kuwa Zain, kampuni hiyo, Ericsson na chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, zilishirikiana kuupeleka mtandao majini, hadi kilomita 20 kutoka ufukweni, katika Kenya, Uganda na Tanzania. Waliongeza na kurekebisha mitambo ili mawimbi yaelekee ziwani. Mvuvi akaweza kuomba msaada, na vilevile kuulizia bei ya samaki kabla hajaamua atie nanga wapi. Zain ikaja kuwa Airtel mwaka 2010, na mwaka 2020 Ericsson ilitangaza mkataba na Airtel Kenya wa kuboresha mtandao wa 4G nchini. Kwa hiyo mkazi wa Ntimaru asiyewahi kuiona Taxen huenda ameongea kupitia kazi ya karakana ileile mara nyingi bila kujua.

Kwa anayetaka kukusanya simu hizi, tahadhari chache. Taxen ndiyo inayoigwa kuliko zote, na nakala za mapambo zimejaa sokoni. Ya asili ni nzito, skrubu zake zina mfereji mmoja wala si kichwa cha nyota, kwa kuwa skrubu za nyota zilikuja miaka ya 1930, na waya wake umefumwa kwa nyuzi. Michoro ya dhahabu iliyochakaa ni bora kuliko iliyong'aa mno. Usiisugue kwa Brasso, utayafuta mapambo yote na thamani yake pamoja nayo. Bakelaiti nayo haipendi kuanguka wala kuanikwa juani. Igeuze simu ya ofisini uangalie chini: mara nyingi utakuta namba ya aina yake na mwaka, na hizo ndizo zitakazokuambia umeshika nini.

Lakini ushauri wangu kwa Mkenya si kuanza na Taxen, ambayo itamgharimu nauli na ushuru wa forodha. Nchi hii iliwahi kuwa na kiwanda chake chini ya KPTC, Gilgil Telecommunications Industries, kule Gilgil, kilichounda simu za mezani na za sarafu. Simu za Gilgil hazijawa za kale vya kutosha kuheshimiwa, nazo zinaishia kwa wanunuzi wa skrapu pamoja na zile nyeusi za enzi za Afrika Mashariki. Stockholm walizihifadhi simu zao mapema, ndiyo maana leo wana za kuonyesha katika makumbusho yao ya ufundi, Tekniska museet.

Basi kwa walimu wakuu, machifu, mapadre na wachungaji, wasimamizi wa hospitali na wa vyama vya ushirika, kuanzia Kehancha hadi Mbita: simu ya zamani iliyo kwenye kabati la ofisi msiitupe. Ifuteni vumbi kwa kitambaa kikavu, andikeni kwenye karatasi ilikaa ofisi gani, ilitumika mpaka lini na nani aliyekuwa akiipokea, ifungeni karatasi hiyo kwenye waya wake, kisha muipeleke shule iliyo karibu ambako watoto wataweza kuizungusha.